Shokapu za porini kwenye gari la Tabata

Mama yangu ana njia yake ya kupima gari. Akiona tuta linakuja anashika kile kishikio cha juu ya mlango, anafumba macho, na tukishalivuka anasema, "Bado nipo." Siku moja Machi mwaka jana tulikuwa tunatoka kliniki. Kutoka Buguruni mpaka nyumbani Tabata Segerea nilihesabu "bado nipo" kumi na moja. Mama ana miaka 74 na nyonga ya kulia inamsumbua. Gari ninalompakia ni Prado, gari ambalo watu wanaamini linapita juu ya mashimo kama boti.

Na siku hiyo lilikuwa na shokapu mpya kabisa. Zilikuwa na wiki tatu. Nilizilipia shilingi 1,900,000.

Gari lenyewe ni Prado TX ya 2006, petroli, lita 2.7. Nililinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akizunguka nalo kwenye kazi za migodini Kanda ya Ziwa. Kwangu likaja kustaafu. Mimi ni mhasibu. Safari zangu ni Segerea hadi Posta na kurudi, sokoni, kanisani, kliniki ya mama mara moja kwa mwezi, na Desemba, kama Mchaga yeyote anayejiheshimu, Moshi. Kutoka Dar hadi Himo ni lami, Himo hadi Marangu ni lami, na zile mita mia mbili za mwisho za kuingia kwa mama hata Vitz inapita. Ile gia fupi ya kupandia milima nimeiingiza mara moja tu tangu nilinunue, na ilikuwa kwa bahati mbaya, nilikuwa natafuta pa kuweka mkoba.

Shokapu za zamani zilikuwa zimekwisha, hilo sibishi. Ukipita Barabara ya Mandela, pale malori ya bandarini yanapofunga breki karibu na taa, lami imesukumwa ikajikunja. Gari langu likipanda mkunjo mmoja lilikuwa linaendelea kunesa hadi mkunjo wa tatu. Nikifunga breki pua inazama. Kijana wa pancha ndiye aliyenionyesha dalili ya kweli. Alinishika mkono akakipitisha kiganja changu polepole juu ya tairi la mbele. Kwa macho lilikuwa zima. Kwa kiganja lilikuwa na mabonde, chini, juu, chini, juu, kama mgongo wa ng'ombe mwenye njaa. "Hili tairi halikanyagi, dada," akasema. "Linadundadunda."

Basi nikaenda kwenye karakana moja ya magari ya safari. Sitaitaja jina, na haitakusaidia kulijua, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu. Kijana aliyenipokea aliniuliza swali zuri tu: "Dada, hujawahi kutaka kwenda Ruaha?" Nikasema siku moja nitakwenda. Kwa hilo jibu nikauziwa shokapu nene kama mkono wa mpiga debe, rangi ya kupendeza, mafuta mengi ndani, za kazi nzito. Na ni bidhaa nzuri, naomba nieleweke. Zingekuwa nzuri sana kwa mtu anayekwenda Ruaha.

Kwanza tuelewane kitu hiki kinafanya nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui na nimeendesha gari miaka kumi na tisa. Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Lakini springi ikibanwa inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, inashuka tena, na ukiiacha peke yake itacheza hivyo mpaka ichoke yenyewe. Shokapu ipo kuichosha mapema. Ndani mna pistoni inayotembea kwenye mafuta, na mafuta yanalazimika kupenya kwenye vitundu na valvu ndogo. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu nusu kwa kidole, usukume. Ule ugumu unaousikia mkononi, na lile joto linaloanza kwenye bomba, ndiyo habari yenyewe. Nguvu ya kunesa inageuzwa kuwa joto, joto linatoka kwa ukuta wa shokapu, gari linatulia.

Sasa hilo joto ndilo linalotenganisha gari la porini na gari la mjini. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, pistoni inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, saa tatu, saa nne mfululizo, gari limejaa mizigo. Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanatoa povu, na shokapu ya kawaida inazimia hadi ipoe. Ndiyo maana wanatengeneza zile nene zenye mafuta mengi, nyingine zina na kikopo cha ziada pembeni. Mimi nikifika nyumbani kutoka Posta baada ya saa moja na nusu ya foleni, niliwahi kuinama nikaigusa shokapu ya nyuma. Ilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Nilikuwa nimelipia mtambo wa kupoza moto ambao haupo.

Hasara haikuwa pesa peke yake. Shokapu nzito imepangwa valvu zake kwa springi ngumu na gari lililobeba. Likiwa tupu, na ndani yupo mhasibu mmoja na mkoba, kila kajiwe kanapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Pale kwenye rasta, vile vijituta vilivyopangwa mfululizo barabarani, ndipo utakapojua. Mtoe dereva yeyote Dar umpitishe kwenye rasta za kuingia kijijini njia ya Moshi: shokapu inayofaa inashuka na kurudi kabla ya rasta inayofuata. Ikiwa inarudi polepole kuliko springi inavyotaka, gurudumu linapigwa tena kabla halijanyooka, tena, tena, na gari zima linakuwa gumu kama mkokoteni wa chuma. Mama akawa anasema "bado nipo" kwa rasta moja moja. Safari ya Moshi ingetuchukua sala zote.

Wiki tatu zikapita, halafu mbili zaidi, na ya mbele kulia ikaanza kulia mafuta. Mpya! Nikaenda kwa fundi wangu wa zamani hapa Tabata, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe, ambaye nilikuwa nimemkwepa kwa sababu nilidhani gari langu limemzidi kimo. Aliipangusa ile fimbo inayong'aa kwa kitambaa chenye petroli, akaniita niinamie. Sehemu ya juu, ile inayozama ndani ya bomba gari likishuka sana, kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo sambamba. Meno ya plaizi. Aliyefunga aliishika fimbo kwa plaizi isizunguke wakati anakaza nati. Kila gari likishuka sana, ile mikwaruzo ilikuwa inapita kwenye sili kama wembe. Ukitoka hapa na kitu kimoja tu, kiwe hiki: fimbo ya shokapu haishikwi kwa chuma. Kichwani pana pa kushikia kwa spana.

Halafu fundi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Hakuiangalia tena shokapu. Aliangalia springi. Akauliza, "Dada, hizi nani alikuwekea?" Pembeni palikuwa na Prado nyingine ya mteja, ya umri huohuo. Akaweka kidole gumba kwenye waya wa springi ya ile, akaja kuweka kwenye yangu. Yangu ilizidi unene, kama sarafu moja hivi. Akachukua futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi: langu lilikuwa juu kwa sentimita tano.

Nikaelewa yote nikiwa nimesimama pale. Yule bwana wa migodini alikuwa na bampa ya chuma mbele, winchi, na tangi la ziada la mafuta nyuma. Nilikuwa nimeona matundu ya boliti zake siku nilipolinunua, nikadhani ni ya kawaida. Alifungua vitu vyake vyote akaviuza, au akavihamishia kwenye gari lingine, akaacha springi zilizokuwa zinavibeba. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa naendesha springi za gari lenye winchi bila winchi. Juu yake nikaongeza shokapu za Ruaha.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaotolewa na watu unapokosea. Wanauliza, "Shokapu gani nzuri?" Haichaguliwi hivyo. Unaanza na springi. Ukifunga shokapu ya kawaida juu ya springi ngumu, haina nguvu ya kuizuia ikirudi, gari litadunda. Na kama springi zimeinua gari, shokapu ya urefu wa kawaida inakuwa imevutwa karibu na mwisho wake muda wote. Gurudumu likishuka shimoni inagota kwa juu, ko! Ukifunga shokapu nzito juu ya springi laini, itarudi polepole kuliko springi inavyotaka, kama nilivyoeleza pale kwenye rasta. Vyote viwili vinatakiwa viwe vya gari moja na kazi moja. Kwangu mimi kazi ilikuwa lami, matuta, abiria mmoja mwenye nyonga mbovu, na mara mbili kwa mwaka watu watano na ndizi. Hiyo ni kazi ya kiwandani kabisa. Waliotengeneza Prado walishaihesabu.

Shemeji yangu alipinga. Alisema Desemba tunabeba sana, nichague kwa ajili ya Desemba. Nikamwambia mimi ninalipa mafuta ya siku 365, siwezi kuteseka siku 361 kwa ajili ya mikungu minne ya ndizi. Na uzito wa watu watano na mizigo bado upo ndani ya kile gari lilichoruhusiwa kubeba likiwa na springi zake za asili. Angekuwa anavuta tela kila wiki ningemsikiliza.

Uamuzi ukawa: springi za kawaida, shokapu za kawaida. Kwenye shokapu kulikuwa na njia mbili. Kuna za bomba ndani ya bomba, zenye mafuta na gesi ya msukumo mdogo ya kuzuia povu. Ndizo zinazotoka na magari mengi kiwandani. Kuna za bomba moja, gesi yenye msukumo mkubwa, ambazo Bilstein wamejijengea jina nazo. Hizi zinapoa haraka zaidi na zinajibu upesi, na mtu anayependa kukimbia kwenye kona atazifurahia. Nilipanda gari la mwenzangu wa ofisini mwenye nazo. Kwenye mwendo ni tamu. Kwenye vijishimo vya Segerea kwa kilomita 20 kwa saa niliihisi kila kokoto, nikamfikiria mama. Nikachagua bomba ndani ya bomba.

Jumamosi moja nikaingia Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, na karatasi niliyoandika TRJ120, yaani namba ya modeli ya gari langu kama inavyosomeka kwenye kibao cha chesesi. Hilo usilisahau, maana Prado za umbo lile zina injini na uzito tofauti, na ukisema "Prado ya 2006" utapewa iliyopo. Na kama yako ina kile kitufe cha kubadili ulaini karibu na gia, yaani TEMS, shokapu zako zina waya juu na bei ni nyingine kabisa. Yangu haina, nikamshukuru Mungu.

Duka la kwanza walinionyesha za mtumba kutoka Japani, zimepakwa rangi nyeusi zinang'aa. Bei tamu. Springi ya mtumba nitanunua, na nilinunua. Ni chuma, unaiona yote, haina nyufa, haina kutu, maliza. Shokapu ya mtumba ni kununua mbuzi kwenye gunia. Sili na valvu ziko ndani, na rangi mpya inafuta ushahidi pekee uliokuwa nao, yaani alama ya mafuta.

Duka la tatu walikuwa na Kayaba, KYB kama inavyoandikwa kwenye boksi, kampuni ambayo pia inawatengenezea Toyota wenyewe. Boksi halinitishi wala halinituliza, boksi linaigwa. Nikamwomba muuzaji afungue, akate ule mkanda unaoishikilia fimbo.

"Dada'angu, nikikata umenunua."

"Kata, kaka. Mimi siyo wa kukimbia."

Akakata. Fimbo ikaanza kupanda yenyewe, polepole, bila kusita, hadi mwisho, kama mtu anayeamka asubuhi ya Jumapili. Hiyo ni gesi inafanya kazi. Nikaisukuma chini kwa uzito wangu wote, ikakubali kwa shida, pasipo kuruka wala kuachia katikati. Nikaangalia mshono wa kuchomelea pale chini: umelala sawa. Tukafanya hivyo kwa zote nne. Muuzaji alianza na laki saba, tukamalizana 620,000 kwa nne, na akanipa na soda kwa sababu nilimchosha.

Hesabu kamili, kwa kuwa najua mtaniuliza: shokapu 620,000, springi za mtumba seti nzima 200,000, raba, stopa na kava za vumbi mpya 90,000, ufundi 80,000, alaimenti 40,000. Jumla 1,030,000. Zile raba usizibanie. Shokapu mpya juu ya raba iliyokufa itagonga tangu siku ya kwanza na utamlaumu asiyehusika.

Fundi alifunga mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naangalia. Mbele springi na shokapu zinakaa pamoja, kwa hiyo lazima springi ibanwe kwa vibano kabla ya kufungua nati ya juu. Alinisogeza nyuma ya mwembe wakati huo, bila mzaha wowote usoni. Springi iliyobanwa ikiponyoka inavunja mkono, inavunja na taya. Nyuma ni kazi ya dakika arobaini.

Hapo nyuma ndipo tulipobishana kidogo. Alikuwa amefunga boliti ya chini, gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, anataka kukaza kabisa.

"Fundi, naomba usikaze bado. Lishushe kwanza."

"Kwa nini?"

"Ile bushi ikikazwa hivi, gari likishuka itakuwa imesokotwa muda wote. Itakatika mapema."

Akaniangalia, akaangalia bushi, akaizungusha boliti kidogo na kuirudisha, raba ikasokotwa na kulegea mbele ya macho yetu. Akacheka. "Dada, uhasibu unafundisha na haya?" Akashusha gari, akaingia chini kwa mgongo, akakazia huko. Nasikia sasa anawakemea vijana wake kwa hilo kana kwamba alizaliwa akilijua.

Kitu kimoja cha bure kabla sijasahau. Siku ya alaimenti tulikuta matairi yana upepo wa 40. Kibandiko cha mlangoni kwangu kinasema 29. Sijui nani alijaza, labda ni mimi kwa kusema "jaza vizuri". Sehemu ya ule ugumu niliokuwa naulaumu kwa shokapu ilikuwa upepo tu. Kama unakaribia kwenda Gerezani, pitia kwanza kwa mtu wa upepo.

Gari limeshuka sentimita zake tano. Mama sasa anapanda bila kushikwa mkono, jambo ambalo hata sikulipanga. Kwenye Mandela ule mkunjo unapita mmoja na kwisha. Desemba tulikwenda Marangu watano, na ndizi za kurudi nazo. Nyuma lilikaa chini kidogo kama inavyotakiwa, halikugota popote. Mombo tulisimamishwa na tochi. Askari akauliza kwa nini bibi kalala hivyo, ni mzima? Mama akafungua jicho moja akasema, "Nipo."

Zile shokapu nzito tatu zilizokuwa nzima alizichukua kijana mmoja anayepeleka watalii Loliondo, akaagiza ya nne mwenyewe. Alinipa 700,000 na akaondoka akifurahi sana. Springi za winchi hakuzitaka, anazo. Ziko barazani. Mama ameziweka wima, juu ya kila moja kaweka chungu cha maua.

Kuna mlio mdogo mbele kulia nikikata kona kwa mwendo mdogo, tik, tik. Fundi anasema ni linki ya stabilaiza. Nitampelekea Jumamosi.